Skana imesema curl ina tundu: fanya hivi kabla hujafuta au kuapdeti chochote

Skana ya usalama ikishapaka seva zako rangi nyekundu na kuandika libcurl na namba ya CVE (namba rasmi ya kutambulisha tundu la usalama) pembeni, wengi tunapata kiwewe, mtu anaapdeti seva moja anayoikumbuka, anajibu kwenye grupu "tayari", maisha yanaendelea. Mimi nilifanya hivyohivyo mwaka 2023, na wiki mbili baadae nikakuta nakala tatu za zamani ziko ndani ya konteina (vifurushi vinavyoendesha programu peke yake) ambazo hakuna mtu aliyezigusa, na moja wapo ndo ilikuwa inatoka nje kupitia proksi (seva ya kati inayokupelekea maombi), yaani ileile iliyokuwa hatarini kweli. Kwahiyo haya hapa chini ndo ninayofanya sasa hivi kila tangazo la tundu likitoka, kwa mpangilio huu huu, na sehemu ya mwisho ndo naomba usiiruke kabisa kwasababu inahusu matundu tunayoyatoboa wenyewe kwa mikono yetu.

Kwa asiyejua, curl ni programu ya kupeleka na kuchukua data mtandaoni, ya Daniel Stenberg wa Sweden, imepewa hilo jina mwaka 1998, na imeandikwa kwa lugha ya C. Ndani yake kuna laibrari inaitwa libcurl ambayo programu nyingine zinaibeba. Git inaitumia, PHP inaitumia, na iko kwenye simu, televisheni, magari, magemu. Hapo ndo ugumu unapoanzia, maana ukiulizwa "tunatumia curl?" jibu karibu siku zote ni ndio, swali gumu ni wapi.

Kwahiyo anza kwa kutafuta nakala zote. Kwenye Linux andika:

`type -a curl`
`curl -V`
`find / -name 'libcurl*' 2>/dev/null`

Mstari wa kwanza wa `curl -V` usome mpaka mwisho, usiishie kwenye namba ya mwanzo. Utaona toleo la curl, alafu toleo la libcurl (na haya mawili yanaweza kutofautiana, kinachohamisha data ni libcurl), alafu jina na toleo la laibrari ya TLS (usimbaji wa mawasiliano) kama OpenSSL, alafu zlib na nyingine. Kila moja hapo inaweza kuwa na tundu lake. Heartbleed, lile tundu la 2014, haikuwa kosa la curl hata kidogo, ilikuwa OpenSSL 1.0.1 mpaka 1.0.1f, lakini kila programu iliyosimama juu yake iliweza kuvujisha memori, mpaka kilobaiti 64 kwa kila ombi, hadi ilipotoka 1.0.1g tarehe 7 Aprili 2014. Kwahiyo curl mpya juu ya OpenSSL iliyooza bado ni tatizo.

Baada ya hapo uliza programu moja moja. PHP ni `php -i | grep -i curl`. Python yenye pycurl ni `python3 -c "import pycurl; print(pycurl.version)"`. Kwenye konteina usitegemee amri ya curl, imeji nyingi (nakala ambazo konteina zinatengenezwa kutoka kwake) hazina hiyo amri lakini libcurl imo ndani, kwahiyo tumia ile find. Na kuna zile programu zilizomeza libcurl nzima wakati wa kutengenezwa, hizo find haizioni, jaribu:

`strings /njia/ya/programu | grep 'libcurl/'`

ikikujibu kitu kama libcurl/8.3.0 basi umeipata, na hiyo huiponyi kwa kuapdeti mfumo, ni mpaka aliyeitengeneza atoe toleo jipya.

Kwenye Windows, curl inakuja na mfumo wenyewe tangu 2018, iko kwenye folda ya System32. Andika `curl.exe -V` na hiyo .exe usiiache, kwasababu kwenye PowerShell ya zamani neno curl peke yake linaita amri nyingine kabisa ya Windows. Na tafadhali sana usiifute. Mwishoni mwa 2022 lilitangazwa tundu CVE-2022-43552, skana zikaanza kulia kila mahali, watu wakaingia System32 wakafuta au wakabadilisha curl.exe kwa mkono, matokeo yake apdeti za Windows zikaanza kugoma. Nakala ya pale inarekebishwa na apdeti za Windows, wewe ukitaka mpya weka ya kwako kwenye folda nyingine.

Ukishapata orodha iandike mahali, hata kwenye faili la kawaida tu: seva gani, programu gani, toleo gani, nani anahusika nayo. Tangazo lijalo litakukuta nusu ya kazi imeshaisha.

Sasa namba za matoleo, hapa watu wengi wanadanganyika. Tangazo linasema "limezibwa kwenye 8.4.0", wewe unaangalia seva ya Debian 12 unaona 7.88.1, unaanza kutetemeka. Debian na wenzake hawapandishi toleo ovyo, wanachukua kiraka chenyewe tu wanakibandika kwenye toleo la zamani, namba kuu inabaki ileile na kinachobadilika ni mkia, ule wenye deb12u na namba mwishoni. Skana nyingi zinasoma namba ya mbele tu ndo maana zinapiga kelele hata pasipo na moto. Njia ya kuhakikisha ni kusoma historia ya paketi:

`apt changelog curl | grep CVE`
`rpm -q --changelog libcurl | grep CVE`

Ukiona namba ya CVE yako imetajwa kwamba imerekebishwa, umepona, piga skrinshoti mtumie anayeuliza. Usije ukaanza kukompaili curl mpya kutoka chanzo ukaiweka juu ya ile ya mfumo, maana kuanzia siku hiyo hakuna apdeti itakayoifikia, na miaka miwili mbele ndo itakuwa nakala iliyosahaulika kuliko zote.

Hatua inayofuata ndo ninayoipenda kuliko zote, kusoma tangazo lenyewe. Kila tundu la curl lina ukurasa wake kwenye curl.se, wanaandika matoleo yaliyoathirika, matoleo salama, badiliko gani la msimbo lilileta kosa, na ufanye nini kama huwezi kuapdeti leo. Wanalipangia pia daraja: dogo, la kati, kubwa, au la hatari kabisa. Unachotafuta wewe ni masharti, yaani ni mambo gani lazima yawepo ndo tundu lifanye kazi.

Mfano mzuri ni CVE-2023-38545 ambalo lilitikisa dunia Oktoba 2023. NVD, ile hifadhidata ya matundu ya serikali ya Marekani, ililipangia alama 9.8 kati ya 10, curl wenyewe wakaliweka daraja la kubwa. Kilichokuwa kinatokea ni hivi: ukitumia proksi ya aina ya SOCKS5 na ukaiachia proksi ndo itafute anwani ya jina la hosti, jina haliruhusiwi kuzidi baiti 255 kwasababu urefu wake unaandikwa kwenye baiti moja. Jina likizidi, curl ilitakiwa iitafute anwani yenyewe hapohapo kisha ipeleke anwani tu kwa proksi. Sasa salamu za mwanzo kati ya curl na proksi zikichelewa, ile kumbukumbu ya "natafuta mwenyewe" ilikuwa inapotea njiani, curl inasahau uamuzi wake na kulinakili jina zima refu ndani ya bafa (sehemu ya memori iliyotengwa kwa data), na bafa ikiwa ndogo data inamwagika kwenye memori ya jirani. Mshambuliaji anachohitaji ni seva inayokujibu kwa redairekti (agizo la kwenda anwani nyingine) yenye jina la hosti refu la makusudi. Kosa lilikuwemo kuanzia 7.69.0 mpaka 8.3.0, yaani zaidi ya miaka mitatu, likazibwa 8.4.0 tarehe 11 Oktoba 2023.

Angalia masharti hapo. Lazima kuwe na SOCKS5, na iwe ile ya kuachia proksi itafute jina (ukiona `socks5h://` au `--socks5-hostname` ndo yenyewe, watu wa Tor mnaijua). Pia bafa iwe ndogo kuliko baiti 65541: amri ya curl kwa kawaida inatumia baiti 102400 kwahiyo ilikuwa salama labda uwe umeibana kwa `--limit-rate` ya chini ya 65541, lakini programu zinazobeba libcurl kwa kawaida zinatumia kilobaiti 16, hizo zilikuwa wazi. Umeona tofauti? Skripti yako ya bash na programu ya PHP kwenye seva moja, laibrari ileile, moja iko hatarini nyingine haiko. Na usiseme "sisi hatutumii proksi" kabla hujaandika `env | grep -i proxy`, kwasababu curl inatii vigezo kama ALL_PROXY kimyakimya, mimi ile konteina yangu ndo ilikuwa hivyo, hakuna aliyeandika proksi kwenye msimbo, aliiweka mtu kwenye mazingira ya konteina zamani.

Siku hiyohiyo walitangaza na jingine, CVE-2023-38546 la kuki, daraja dogo, linahitaji mpaka faili liitwe `none` kwenye folda programu inapofanyia kazi na programu yenyewe iite fankisheni fulani ya kunakili. Hilo unaapdeti kwa utaratibu wa kawaida, halihitaji mtu akeshe.

Ukishaapdeti, kazi haijaisha. Programu iliyokuwa imeshawaka imeshika laibrari ya zamani kwenye memori na itaendelea nayo mpaka uiwashe upya, diski inasema mpya, skana inasema kijani, na tundu bado liko palepale. Angalia:

`sudo lsof | grep libcurl | grep DEL`

Kila kinachotoka hapo ni programu inayokimbia na nakala iliyofutwa, irestati. Kwa konteina usiingie ndani ukafanya apt upgrade, ikizaliwa upya inarudi na tundu lake, jenga imeji upya kwa `docker build --pull --no-cache` alafu zima za zamani zote. Kisha rudia ile find ya mwanzo uone kwa macho yako.

Sasa tuje kwenye matundu ya kwetu wenyewe. Naandika hili kwa uchungu kidogo kwasababu nimeona timu inakimbizana na CVE ya daraja la kati wiki nzima huku skripti yao ya malipo ina `-k` ndani. Hiyo `-k` (au `--insecure`) inaiambia curl isihakiki cheti cha seva, maana yake mtu yeyote aliye katikati ya njia anaweza kujifanya ndo seva yako, akasoma tokeni, akabadilisha data, na hutajua. Hahitaji tundu lolote, umemfungulia mlango. Itafute kwenye miradi yako yote:

`grep -rnE "curl.* -[a-zA-Z]*k|--insecure|VERIFYPEER|VERIFYHOST|verify=False" .`

Itakuletea na mistari isiyohusika, vumilia, pitia mmoja mmoja. Kwenye PHP na C, CURLOPT_SSL_VERIFYPEER iwe 1 na CURLOPT_SSL_VERIFYHOST iwe 2. Hiyo 2 ina historia: watu wengi waliandika true, true ikawa 1, na 1 zamani ilimaanisha "angalia tu kama cheti kina jina lolote" bila kulinganisha na hosti unayoongea nayo. Toleo 7.28.1 likaanza kuikataa 1, na kuanzia 7.66.0 ikahesabiwa sawa na 2. Kuziacha zote mbili bila kuzigusa ndo salama zaidi, tayari ziko sawa zenyewe.

Mara nyingi `-k` inawekwa kwasababu ya kosa namba 60, lile la cheti. Tafuta sababu: saa ya mashine imekosewa, cheti kimeisha muda, seva haijatuma cheti cha kati kwenye mnyororo, au kampuni yenu ina mamlaka yake ya vyeti. Hiyo ya mwisho unaitatua kwa `--cacert faili.pem`, dakika tano tu.

Redairekti nazo. Ukiweka `-L` unaiambia curl ifuate popote seva itakapoielekeza, mpaka mara 50. Zamani heda ya Authorization uliyoiandika kwa `-H` ilikuwa inafuata nayo mpaka kwenye hosti mpya, yaani tokeni yako inaenda kwa mtu baki, hilo ni CVE-2018-1000007 lililozibwa 7.58.0. Mwaka 2022 ikaonekana kwamba hosti ileile ila poti tofauti bado ilikuwa inapewa, CVE-2022-27776, likazibwa 7.83.0. Sasa sikiliza vizuri hapa maana hili halikuzibwa na halitazibwa kwasababu ndo inavyofanya kazi: curl inazizuia Authorization na Cookie tu. Kama API unayotumia inataka ufunguo kwenye heda ya jina jingine, mfano X-Api-Key, hiyo itafuata redairekti kwenda kokote. Ukiwa na ufunguo wa namna hiyo usiweke `-L` kabisa, pokea jibu, isome Location mwenyewe, ukiridhika ndo upige tena. Na `--location-trusted` iache, inaondoa hata ule ulinzi uliopo.

Siri usiziandike kwenye mstari wa amri, mtu mwingine kwenye mashine ileile anaziona kwa `ps`, na zinabaki kwenye histori ya shell. Weka heda kwenye faili lenye chmod 600 uite kwa `-H @faili`, inafanya kazi tangu 7.55.0. Paswedi ndani ya linki ndo mbaya zaidi, zinaishia sehemu usizozitegemea. Wget 1.20 (programu nyingine ya kupakua) ilikuwa inahifadhi linki nzima, na paswedi ikiwemo, kwenye sifa za ziada za faili ulilopakua (CVE-2018-20483, limezibwa 1.20.1), kwahiyo ukimpa mtu faili kwa njia inayobeba zile sifa umempa na paswedi.

Kama programu yako inapokea linki kutoka kwa mtumiaji na kuifungua, hapo ongeza umakini mara tatu. Mtu ataandika `file:///etc/passwd` au `http://169.254.169.254/` ambayo kwenye mawingu mengi ndo inatoa taarifa za ndani za seva, funguo za muda zikiwemo. Bana itifaki kwa CURLOPT_PROTOCOLS_STR (ipo tangu 7.85.0) ibaki https tu, na upande wa redairekti pia kwa CURLOPT_REDIR_PROTOCOLS_STR. Matoleo ya kabla ya 7.19.4 yalikubali kuelekezwa hadi kwenye faili za ndani, CVE-2009-0037, leo curl yenyewe inazuia lakini http na ftp bado zinapita usipozifunga. Na kukagua anwani ya jina kabla ya kuita curl hakutoshi, jina linaweza kujibu anwani nzuri ukikagua na anwani ya ndani sekunde moja baadae curl inapouliza tena. Igandishe ile uliyoikagua kwa CURLOPT_RESOLVE, alafu faiawoli ya kutoka nje izibe anwani za ndani.

Mwisho, seva isikuchagulie jina la faili. Wget kabla ya 1.18 ilipoelekezwa kutoka http kwenda ftp ilitumia jina lililotoka upande wa pili (CVE-2016-4971), ukiwa kwenye folda yako ya nyumbani unaweza kujikuta umepokea .bash_profile ya mtu. Taja jina mwenyewe kwa `-o`. Na weka mipaka ya muda na ukubwa, ila jua kwamba `--max-filesize` kabla ya 8.4.0 ilisaidia tu pale seva ilipotaja ukubwa mwanzoni, sasa hivi inakata hata katikati ya kupakua.

Mimi kwenye skripti za kupakua ambazo hazina ufunguo wowote naandika hivi:

`curl --proto '=https' --proto-redir '=https' --tlsv1.2 --fail --location --max-redirs 3 --connect-timeout 10 --max-time 120 --max-filesize 50M -o kifurushi.tar.gz --url "$LINKI"`

Hiyo `--url` kabla ya kigezo ni makusudi, linki ikianza na alama ya kistari bila hiyo curl itadhani ni chaguo jipya la amri. Kikishashuka, kabla hujafungua, linganisha `sha256sum kifurushi.tar.gz` na ile alama waliyoitangaza wenye programu, na uichukue kwenye ukurasa wao rasmi, siyo kwenye folda ileile ulikopakulia faili.